Mwenye Macho Haambiwi Tazama: Kamera, Kanuni na Historia ya Ubunifu katika Picha za Afrika

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alinijia ofisini na karatasi yenye bei za kamera. Alikusudia kufanya utafiti wa picha juu ya maisha ya mama lishe katika soko lililo jirani na chuo, na alitaka nimwandikie barua ya kuombea fedha. Katika orodha yake kulikuwa na kamera, lenzi mbili na taa, na jumla yake ilizidi ada ya mwaka mzima. Nilimwuliza, hao mama lishe unaotaka kuwapiga picha wanaitwa nani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Dokta, nilidhani nianze kwanza na vifaa."

Sikumlaumu, kwa kuwa ndivyo wengi wetu tunavyofikiri. Ofisi ya umma inapopanga bajeti ya mawasiliano, kamera hutajwa mapema kuliko mtu wa kuitumia. Asasi ya kiraia inapoandika andiko la mradi, hufanya hivyo hivyo. Vijana wanaojifunza upigaji picha mitandaoni hukaririshwa kanuni: gawanya fremu katika theluthi, mweke mhusika pembeni, fifisha kilicho nyuma yake, subiri jua la jioni. Kanuni hizi zina faida yake. Hata hivyo, mtu anaweza kuzishika zote, akawa na kamera ya bei kubwa, na picha yake isiseme lolote ambalo hatukulijua kabla ya kuiona.

Katika makala haya ninakusudia kuonyesha, kwa mifano ya historia, kwamba ubunifu katika picha za bara letu ulizaliwa mahali pengine. Ulizaliwa pale mpiga picha na anayepigwa picha walipojibu upya swali moja: nani ana haki ya kuamua mtu huyu aonekane vipi? Swali hilo ni la kisiasa kabla ya kuwa la sanaa, na ndiyo maana nalileta hapa, mbele ya wasomaji ambao wengi wenu ni wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma.

Muongo uliozaa mashine na kanuni

Upigaji picha ulitangazwa rasmi kwa ulimwengu jijini Paris mwezi Agosti 1839, kwa njia iliyobuniwa na Louis Daguerre. Kwa takriban miaka hamsini iliyofuata ulibaki kuwa kazi ya watu wenye fedha, kemikali na subira. Kisha, katika miaka ya 1880, yakatokea mambo mawili ambayo mara nyingi husimuliwa mbalimbali, ilhali yafaa yasimuliwe pamoja.

La kwanza lilitokea katika polisi ya Paris. Karani aliyeitwa Alphonse Bertillon aliunda utaratibu wa kuwapiga picha watuhumiwa: kila mmoja apigwe mara mbili, uso kwa mbele na uso kwa ubavu, kwa umbali uleule na mwanga uleule. Lengo lake lilikuwa kuondoa kila kitu ambacho mtuhumiwa au mpiga picha angeweza kukiongeza. Picha nzuri, kwa Bertillon, ilikuwa ile isiyo na hiari ya mtu yeyote ndani yake.

La pili lilitokea Marekani. Mwaka 1888 George Eastman aliingiza sokoni kamera ya Kodak, ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Mteja alibonyeza kitufe tu. Filamu ikiisha aliirudisha kamera kiwandani, ikasafishwa na kujazwa upya. Mwaka 1900 ikafuata kamera ya Brownie, iliyouzwa kwa dola moja. Mtu wa kawaida akawa mpiga picha.

Kwa hiyo muongo uliomrahisishia kila mtu kupiga picha ndio uleule ulioipa dola kanuni ya kumpiga picha kila mtu. Sisi ni warithi wa mambo yote mawili. Simu iliyo mfukoni mwako ni mjukuu wa Eastman. Na siku unapoketi mbele ya kamera ya kitambulisho, ukaambiwa usitabasamu, utazame mbele, ukae wima na uso uwe katikati, hapo uko mikononi mwa Bertillon.

Dola ya kikoloni katika Afrika ilikuwa na hamu maalumu na kazi ya pili. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa kwa ukamilifu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, karatasi iliyotiwa katika kibweta cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kipande kilitambulisha kwa alama za vidole, wala hakikuhitaji picha, lakini mantiki yake ni ileile: mtu apunguzwe hadi abaki alama ambayo ofisa anaweza kuisoma bila kuzungumza naye. Neno hilo halijatutoka. Mpaka leo Wakenya wengi wanakiita kitambulisho cha taifa kwa jina la kipande.

Algeria, 1960: wanawake elfu mbili mbele ya ukuta

Kama kanuni ingekuwa na uwezo wa kuua kabisa ubunifu, ingeuua Algeria mwaka 1960. Jeshi la Ufaransa lilikuwa limewahamisha wanavijiji wengi na kuwaweka katika makambi ili kuwatenga na wapiganaji wa uhuru. Kamanda mmoja aliamuru wakazi wa makambi yaliyo chini yake wapewe vitambulisho, na kazi ya kuwapiga picha akapewa askari kijana aliyekuwa akitumikia jeshi kwa lazima, Marc Garanger.

Kwa siku kumi Garanger aliwapiga picha watu wapatao 2,000, takriban 200 kwa siku, wengi wao wanawake. Waliketishwa kwenye kigoda mbele ya ukuta, wakaamriwa wajifunue nyuso zao. Kwa wengi wao hakuna mwanamume nje ya familia aliyewahi kuwaona hivyo. Hawakuulizwa kama wanakubali.

Tazama sasa kilichotokea. Amri ya kamanda iliweza kuondoa shela, lakini haikuweza kuamuru macho. Mwanamke mmoja baada ya mwingine alimtazama mpiga picha moja kwa moja, wengine kwa hasira, wengine kwa dharau, wengine kwa uchovu usioelezeka. Naye Garanger, aliyeipinga vita ile, alifanya jambo ambalo kitambulisho hakikulihitaji: hakuishia usoni, aliwapiga hadi kiunoni, mikono ikiwa mapajani, vito shingoni, nywele zilizovurugika kwa kuvuliwa mtandio zikionekana. Jeshi lilipata vitambulisho vyake. Historia ilipata ushahidi. Garanger mwenyewe alieleza baadaye kwamba alihisi macho yale yakimpiga kutoka karibu kabisa, kama maandamano yasiyo na sauti, na mwaka 1982 picha hizo zikatoka katika kitabu huko Ufaransa.

Ni vigumu kuzitazama picha hizi bila kujiuliza ubunifu wake ni wa nani. Kamera ilikuwa ya kawaida, mandhari ya nyuma ni ukuta, mkao ni ule wa amri. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya nguvu yake ilitoka kwa wanawake wenyewe, ambao katika sekunde chache walizopewa waliitumia silaha pekee waliyokuwa nayo. Tusisahau pia kwamba nguvu hiyo haiondoi dhuluma iliyozaa picha. Hakuna aliyewauliza mwaka 1960, na ni mwaka 2004, miaka zaidi ya arubaini baadaye, ndipo Garanger aliporudi Algeria kuwatafuta baadhi yao.

Bamako: shuka la kitandani

Miaka hiyohiyo, ndani ya dola hiyohiyo ya Kifaransa, upande wa kusini wa Sahara, palikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akipiga picha za watu mbele ya ukuta. Jina lake Seydou Keïta. Kumlinganisha na yaliyotokea Algeria kunafundisha zaidi ya darasa lolote la vifaa.

Keïta alizaliwa Bamako yapata mwaka 1921, katika Mali ya leo, wakati huo ikiitwa Sudani ya Kifaransa. Alijifunza useremala tangu utotoni. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka safari ya Senegal akamletea kamera ndogo ya Brownie, ile ile aina iliyoanza kwa dola moja. Kazi ya kusafisha na kuchapa picha alijifunza kwa mpiga picha mwenyeji, mwalimu Mountaga Dembélé. Mwaka 1948 akafungua studio yake mtaa wa Bamako-Koura, karibu na gereza kuu, si mbali na stesheni ya reli ya kwenda Dakar. Wateja walimjia kutoka mjini na kutoka kwenye treni.

Alikuwa na nini? Kamera kubwa ya mbao ya kusimamishwa, yenye filamu za sentimita 13 kwa 18, na ua wa nyumba. Mara nyingi alitumia mwanga wa jua, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kila mteja alipigwa mara moja tu. Mandhari ya nyuma, kwa miaka ya kwanza, ilikuwa shuka la kitandani mwake mwenyewe. Lilipochakaa alitundika kitambaa kingine, na kila baada ya miaka miwili au mitatu akabadilisha tena, kiasi kwamba uzeeni aliweza kukadiria mwaka wa picha kwa kutazama maua ya kitambaa kilichoko nyuma.

Lakini yaliyomo ndani ya ua ule yalikuwa mengi kuliko hayo. Kulikuwa na suti na tai za kuazima kwa wanaume wasiokuwa nazo, saa, kalamu, maua ya plastiki, redio. Kulikuwa na sampuli za picha ukutani. Mteja aliingia, akazitazama, akanyoosha kidole: nataka niwe kama huyu. Keïta alimsikiliza. Kisha, kwa upole, akamsogeza: geuza bega kidogo, inua kidevu, mkono uweke hapa. Kwa wanawake alihakikisha vidole vinaonekana, na bangili, na mapambo, na gauni limetandazwa lote, kwa sababu alijua kwamba picha ile ingepelekwa kwa ndugu na wakwe, nao wangeisoma kama barua.

Hapo ndipo ubunifu wake ulipokuwa. Mikao ile ilikuwa na kanuni zake pia. Sampuli za ukutani zilikuwa kanuni. Ila kanuni hizi zilitungwa ndani ya mazungumzo ya watu wawili, na mwenye fedha na neno la mwisho alikuwa yule anayepigwa picha. Mwanamke wa Bamako alikuja kwa miguu yake, akiwa amevaa alichokitaka, akaambiwa bei, akakubali. Mwanamke wa kambini Algeria aliletwa na askari. Tofauti yote ya nyuso zao imeanzia hapo.

Mkumbuke pia wakati wenyewe. Katika miaka ya 1950 watu wa Sudani ya Kifaransa walikuwa bado raia wa daraja la chini katika nchi yao. Katika ua wa Keïta, karani, mfanyabiashara, mshonaji na mke wa askari waliketi wakiwa wanajiamini kana kwamba uhuru umekwishafika. Mali ilipata uhuru Septemba 1960. Sisemi kwamba picha zilileta uhuru. Nasema kwamba watu walikuwa wamekwishajizoeza mkao wake.

Kuna mambo mawili zaidi katika maisha ya Keïta ambayo watumishi wa umma wanapaswa kuyatafakari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali mpya ilimwita awe mpiga picha wake rasmi. Alifunga studio, akaitumikia serikali hadi alipostaafu mwaka 1977. Leo dunia inamjua kwa picha gani? Kwa zile za ua wa Bamako-Koura. Mtu alikuwa yuleyule na jicho lilelile. Kilichobadilika ni kwamba mezani pake sasa palikuwa na itifaki mahali pa mteja.

La pili linahusu jina. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika, zikiandikwa kuwa ni za mpiga picha asiyejulikana wa Bamako. Ilibidi mtu asafiri kutoka Ulaya hadi Bamako kuuliza ni nani, ilhali mjini humo wapiga picha wenzake walimfahamu. Mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake mwenyewe Paris, na alipofariki mwaka 2001 alikuwa akihesabiwa miongoni mwa wapiga picha wakubwa wa karne. Picha bila jina ilikuwa imesafiri mbali. Mwenyewe alikuwa nyumbani.

Je, kifaa hakina maana?

Najua msomaji makini atauliza: kama ni hivyo, tutupe kamera? La. Kamera kubwa ya Keïta ilikuwa na maana. Filamu ya 13 kwa 18 ilimwezesha kuchapa picha bila mashine ya kukuzia, na ndiyo iliyohifadhi kila uzi wa kitambaa. Fundi hudharau vipi nyundo yake?

Zaidi ya hayo, kifaa chenyewe hakikuja kikiwa hakina upande. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Mafundi waliziita kadi hizo kwa jina la Shirley. Rangi ya ngozi yake ndiyo ilikuwa "sawa". Watu weusi katika picha hizo mara nyingi walibaki macho na meno tu, na picha ya darasa lenye watoto weusi na weupe ilikuwa lazima imdhulumu mmoja. Miongoni mwa waliolalamika na kusikilizwa ni watengenezaji wa samani na chokoleti, ambao hawakufurahi kuona mbao na bidhaa zao za kahawia zikitoka zote rangi moja. Haya yanatufundisha kukijua kifaa: kilitengenezwa na nani, kwa kumfikiria nani. Anayekiabudu hawezi kuuliza hivyo.

Mabaki ya filamu

Kizazi kilichomfuata Keïta kiliendeleza jambo lilelile kwa njia zake. Malick Sidibé, mjini Bamako, alibeba kamera nyepesi yenye taa na kwenda kwa baiskeli katika dansi za vijana usiku. Picha yake mashuhuri ya mkesha wa Krismasi ya 1963, ya kijana na dada yake wakicheza huku vichwa vikigusana, haina mkao wa studio hata kidogo. Asubuhi zilizofuata vijana walikusanyika nje ya studio yake kujitafuta katika picha zilizobandikwa. Serikali ya kijamaa ya Modibo Keïta iliwatazama vijana wa namna hiyo kwa mashaka, kama sisi Tanzania tulivyowatazama wavaa sketi fupi na suruali za kubana wakati wa Operesheni Vijana ya 1968. Sidibé hakuwatetea kwa hotuba. Aliwapiga picha wakiwa na furaha, basi. Mwaka 2007 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Simba wa Dhahabu wa maonyesho ya Venice kwa kazi ya maisha yake yote.

Mfano wa Samuel Fosso hunigusa zaidi. Alizaliwa Cameroon mwaka 1962, akakulia Nigeria kwa babu na bibi yake, akapitia vita vya Biafra, kisha akapelekwa Bangui. Mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13, akafungua studio yake ya picha za pasipoti na za familia. Mchana alifanya kazi ya Bertillon: uso katikati, tazama mbele. Jioni, filamu ikibaki na nafasi chache na mteja anataka picha zake kesho, Fosso aliimaliza kwa kujipiga mwenyewe, akiwa amevaa suruali pana, miwani mikubwa na viatu vyenye visigino virefu. Baadhi ya picha hizo alimpelekea bibi yake Nigeria, ajue kwamba mjukuu yu hai na mzima. Mabaki hayo ya filamu, yaliyokuwa yatupwe, ndiyo yaliyomfanya ajulikane baada ya kuonyeshwa Bamako mwaka 1994.

Pretoria: kamera chini ya mkate

Kwa wanaharakati, mfano ulio karibu zaidi ni wa Ernest Cole. Nchini Afrika Kusini sheria ya mwaka 1952, ambayo kwa jina ilidai kufuta pasi, iliwalazimisha Waafrika kubeba kitabu chenye picha na alama za vidole. Cole, aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Pretoria akiitwa Kole, aliichezea mashine hiyo ya kuainisha watu: alibadili herufi ya jina, akaomba aandikwe kuwa chotara, akapata nafasi ya kutembea mahali ambapo Mwafrika hakuruhusiwa. Katika migodi aliificha kamera ndani ya mfuko wa chakula. Ndivyo tulivyopata picha ya wachimba madini wakiwa uchi, wamepangwa mstari, mikono juu, wakielekea ukutani kwa ajili ya uchunguzi wa afya. Hakuna kanuni ya theluthi itakayokufundisha kufika mahali hapo. Alikimbia nchi mwaka 1966, na mwaka uliofuata kitabu chake, House of Bondage, kikachapishwa New York. Nyumbani kilipigwa marufuku.

Na mwaka 1970, katika mji wa Cambridge, Marekani, wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba teknolojia ya picha za papo kwa papo ya mwajiri wao ilitumika kutengenezea vitambulisho vya Afrika Kusini. Walianzisha mgomo dhidi ya kampuni, na Hunter alifukuzwa kazi. Mwaka 1977 Polaroid iliacha kuuza bidhaa zake huko. Watu hawa hawakupiga picha hata moja katika kisa hiki, lakini waliuliza swali lilelile la Keïta: picha hii inapigwa kwa idhini ya nani?

Picha njema inavyogeuka kanuni

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo, mashujaa upande mmoja na dola upande wa pili. Historia ya jirani zetu inakataa urahisi huo. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapo Dar es Salaam, mwaka 1963, ndipo alipoanzisha kampuni yake ya Camerapix. Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Alichokipiga pale kiliitikisa dunia. Bila picha zile, tamasha la Live Aid la Julai 1985 lisingefikiriwa. Alipopoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991, alirudi kazini na mkono wa bandia, hadi alipofariki katika ndege iliyotekwa mwaka 1996.

Picha za Korem zilikuwa za kweli, na ziliokoa maisha. Lakini tazama zilizofuata. Mtoto aliyekonda, nzi usoni, mama asiye na jina, macho yakiangalia juu: mpangilio huo ukawa kielelezo ambacho mashirika mengi yaliurudia kwa miaka, hata mahali pasipo na njaa. Kilichokuwa ushuhuda kikawa fomula, na fomula hiyo ikamfundisha mtu wa mbali kwamba Mwafrika halisi ni yule anayenyoosha mkono. Hakuna picha iliyo salama dhidi ya hatari hii. Tukiiiga sura ya picha bila kurudia kazi iliyoizaa, yaani kufika, kukaa, kuuliza, tunabaki na ganda.

Tufanye nini?

Kwa watumishi wa umma: chukueni picha kumi za uzinduzi wa zahanati kutoka wilaya kumi. Zote zitakuwa na utepe, mkasi, mgeni rasmi katikati na makofi. Muuguzi atakayefanya kazi humo usiku amekatwa ukingoni, na jina lake halimo katika maelezo. Baada ya miaka hamsini mwanahistoria atakayezifungua atajua ni nani aliyekata utepe, ila hatajua ni nani aliyewazalisha kina mama. Kuandika majina, tarehe na mahali hakugharimu fedha, na kungeipa nchi hazina ambayo kamera mpya haiwezi kuileta.

Kwa wanaharakati: kabla ya kuchapisha picha ya mtu aliyedhulumiwa, mwonyesheni. Mwulizeni kama ndivyo anavyotaka kuonekana. Akikataa, amekataa. Wanawake wa Algeria hawakupewa nafasi hiyo. Msiwanyime wenzenu nafasi hiyo kwa jina la haki zao.

Kwa wanafunzi: jifunzeni kanuni, kisha mjue zilitoka wapi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wahenga hawakusema kwamba macho hayo ni ya lenzi.

Barua ya yule mwanafunzi wangu sikuiandika. Nilimwambia aende sokoni wiki tatu bila kupiga picha, ale chakula, ajue majina, kisha atumie simu yake. Amerudi juzi. Nyingi ya picha zake ni za kawaida, nyingine zimetikisika. Moja haikuwa hivyo. Mama mmoja, alinieleza, alikataa katakata kupigwa akiwa mbele ya jiko na moshi. Akamwambia aje Jumapili. Jumapili alimkuta amevaa kitenge kipya, ameketi kwenye benchi lake la wateja, masufuria yamesuguliwa na kupangwa nyuma yake kama vikombe vya ushindi, naye ndiye aliyemwelekeza kijana asimame wapi.

Nilimwuliza mwanafunzi wangu kama bado anataka ile barua. Akasema anaihitaji, lakini sasa anajua kamera hiyo ni ya nini.